Skauti na Jicho la Umma

Katika Barabara ya Samora, eneo la Posta jijini Dar es Salaam, imesimama tangu mwaka 1927 sanamu ya askari aelekezaye bunduki yake upande wa bandari. Iliwekwa kuwakumbuka Waafrika waliopigana katika Vita Kuu ya Kwanza, pamoja na wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi. Lakini sanamu yenyewe si ya mpagazi. Mpita njia humwona askari tu.

Umma humtazama skauti kwa jicho hilo hilo. Uonapo kaki, skafu na gwaride, humhesabu kuwa askari mdogo: azuie watu wasisukumane katika sherehe, asimame juani, atii. Ni kweli kwamba Baden-Powell, aliyeanzisha uskauti mwaka 1907 na kuzikwa Nyeri, Kenya, mwaka 1941, alikuwa mwanajeshi. Hata hivyo, aliwataka vijana wajifunze kwa kutenda, na kila siku wamfae mtu pasipo kudai malipo. Kazi hiyo yafanana zaidi na ile ya mpagazi.

Kwa hiyo kasoro ya matarajio ya umma ni kwamba ni madogo mno. Twamdai kijana unyoofu wa mstari, tukasahau kumdai busara ya kumtambua aliyelemewa. Tena twamwachia yeye peke yake wajibu ulio wetu sote: skauti amvushe mzee barabara, sisi tupite zetu. Mwalimu na ampime skauti wake kwa mzigo aliompokea mwenziwe, kabla ya kuisifu saluti yake.