Kidole Chini ya Sikio la Ng'ombe

Mtaalamu wa mifugo anayejua kazi yake, akiitwa kijijini Heru Juu, wilayani Kasulu, kumwona ndama mgonjwa, haanzi na sindano. Husimama kando kwanza, mfuko ungali begani, akamtazama ndama kabla hajashikwa: masikio yamesimama au yamelala, ubavu unapanda na kushuka kwa kasi gani, anacheua au ameacha. Kisha humgeukia mwenye mali. Ameanza lini kuachwa nyuma na wenzake? Wiki mbili zilizopita alichungwa wapi? Aliogeshwa lini mara ya mwisho? Nani amekwisha kumchoma dawa, na dawa gani? Majibu yakipatikana ndipo kipimajoto huingia, na vidole vikaanza kutafuta tezi iliyo chini ya sikio. Wengi tunadhani kazi ya mtu huyu ni kuchoma sindano. Mimi nasema ufundi wake unakaa katika zile dakika za kabla ya sindano, na ufundi huo unastahili kutazamwa kwa utulivu.

Wilaya za Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, ni shule ngumu kwa kazi hii. Kuelekea mpaka wa Burundi nchi imeinuka, ina ubaridi na mvua ya kutosha, na hali hiyo humfaa sana kupe wa kahawia wa masikioni, anayeeneza ndigana kali. Kuelekea mashariki na kusini nchi inashuka kwenye misitu ya miombo na mabonde ya Malagarasi na Muyovozi, ardhioevu iliyoingizwa mwaka 2000 katika orodha ya kimataifa ya Ramsar. Huko ni makao ya mbung'o, na mbung'o huleta nagana, ambayo wafugaji wengi huiita ndorobo. Ng'ombe mmoja anaweza kula majani ya mlimani masika, kisha akashushwa bondeni kiangazi kufuata malisho. Akirudi na homa na mbavu zikihesabika, anaweza kuwa na ugonjwa wa mlimani, wa bondeni, au yote mawili kwa pamoja. Na dawa ya mmoja haimgusi mwenzake.

Hapo ndipo vidole vinapofanya kazi. Katika ndigana kali tezi za chini ya sikio na za mbele ya bega huvimba mapema, na joto ambalo kwa ng'ombe mzima ni nyuzi 38 hadi 39 hupanda kupita 40. Baadaye pumzi huwa nzito, povu hutoka puani, na mnyama asiyetibiwa anaweza kufa ndani ya wiki mbili au tatu. Nagana huenda polepole. Homa hupanda na kushuka, manyoya hupoteza mng'aro, nyama huisha mwilini kwa miezi huku mnyama akiendelea kula. Kwa hiyo mtaalamu hufunua kope la chini na kutazama rangi: utando mweupe humwambia kwamba damu imepungua. Ukiwa na umanjano, na kinyesi kimekauka, hufikiria ndigana baridi. Mkojo ukiwa mwekundu, hufikiria babesia. Kila dalili humwelekeza mahali, lakini hakuna hata moja inayotosha peke yake, na fundi mzuri hulijua hilo kuliko mtu yeyote.

Ndiyo maana hutafuta ushahidi wa kioo. Kwa ndigana kali huchoma sindano katika tezi iliyovimba, akatoa tone la majimaji, akalitandaza juu ya kioo, akalikausha na kulitia rangi ya Giemsa. Chini ya hadubini, ndani ya chembe nyeupe, huonekana vidoa vya buluu vinavyobeba jina la daktari Mjerumani Robert Koch. Koch alichunguza ng'ombe wa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1890, akaviona vimelea vidogo katika damu yao, akadhani ni hatua mojawapo ya kimelea cha homa ya mkojo damu. Ilibidi wenzake, akiwemo Arnold Theiler wa Afrika Kusini, waendelee kupima miaka michache baadaye ndipo ikajulikana kuwa huu ni ugonjwa mwingine kabisa. Kama bingwa wa dunia aliweza kuchanganya magonjwa ya kupe akiwa na hadubini bora ya wakati wake, basi haifai kumlaumu kijana wa Mabamba, Kibondo, mwenye kipimajoto tu. Inafaa kumpa hadubini, na mtu wa kumsahihisha.

Kwa nagana, damu huvutwa katika kineli chembamba cha kioo na kuzungushwa kwa mashine mpaka chembe nyekundu zizame. Vimelea hukusanyika mpakani, karibu na tabaka jembamba la chembe nyeupe, na mtazamaji mvumilivu huviona vikijipinda na kuzisukuma chembe zilizo jirani. Kineli hicho hicho hupima wingi wa damu: chembe nyekundu zikiwa chini ya asilimia 25, mnyama ana upungufu. Lakini vimelea hivi hufa upesi nje ya mwili. Damu iliyosafirishwa kutwa nzima kwenye basi haina tena cha kuonyesha. Kwa hiyo kifaa kinachosaidia kweli ni kile kilicho karibu na zizi.

Tuje sasa kwenye dawa, maana hapa nako pana ufundi usioonekana. Buparvakuoni huponya ndigana kali ikiwahi, lakini ikichelewa mpaka mapafu yajae maji, fedha ya mfugaji imepotea. Oksitetrasaiklini, ile OTC ambayo kila mtu huitaja dukani, hutibu ndigana baridi. Ndigana kali iliyokwisha kupamba moto haiiwezi. Dawa kuu za nagana, diminazini na isometamidiamu, zinatumika tangu katikati ya karne iliyopita, na vimelea vya sehemu nyingi za Afrika vimeanza kuzizoea. Usugu huo hulelewa na dozi pungufu. Fundi makini hupitisha utepe kifuani mwa ng'ombe ili akadirie uzito, kisha hupiga hesabu kabla ya kuvuta dawa. Utepe ni kitu cha bei ndogo sana, na ni miongoni mwa vifaa vya kazi hii vilivyo muhimu kuliko vyote.

Katika wilaya hizi usahihi wa kioo unagusa hata watu. Miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwahamishia watu wa Kibondo katika makazi ya pamoja kwa sababu ya malale, ugonjwa wa watu unaoenezwa na mbung'o, na Kibondo na Kasulu ziliendelea kutajwa miongoni mwa wilaya zenye wagonjwa wa malale hadi karne hii. Kimelea kinacholeta malale haya kinaweza kukaa ndani ya ng'ombe asiyeonyesha dalili yoyote. Anayetibu zizi vizuri anailinda pia nyumba iliyo pembeni yake.

Maarifa haya hutoka wapi, na hubakije hai? Shahada ya udaktari wa mifugo huchukua miaka mitano Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambako mafunzo hayo yana mizizi tangu mwaka 1976. Wenye stashahada na astashahada hutoka kwenye kampasi za Wakala wa Mafunzo ya Mifugo, LITA. Kisha mtu hupangiwa kazi mamia ya kilomita kutoka kwa walimu wake, na magonjwa hayamsubiri. Aliyehitimu miaka ya 1990 alifundishwa kuiogopa sotoka ya ng'ombe. Mwaka 2011 dunia ilitangaza kwamba sotoka hiyo imetokomezwa. Huyo huyo, alipokuwa chuoni, hakupata kuona nchini sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyothibitishwa Tanzania mwaka 2008. Ndani ya miaka mitatu ugonjwa mmoja uliingia kwenye orodha yake ya kazi na mwingine ukatoka. Cheti kilichotundikwa ukutani hakiwezi kumwambia habari hizo.

Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inalikabidhi Baraza la Veterinari wajibu wa kuwasajili na kuwasimamia watu wa taaluma hii. Chama chao huwakutanisha katika mikutano ya kisayansi. Kitabu cha rejea cha Merck, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1955, leo kinasomwa bure kwenye simu, ingawa kwa Kiingereza. Vyote hivyo ni msaada mkubwa. Hata hivyo, mwalimu ninayemheshimu kuliko wote katika kazi hii ni mzoga. Mnyama aliyekufa akipasuliwa kwa utaratibu, mapafu, wengu, ini na tezi vikatazamwa kimoja kimoja, mtaalamu hujua kama jana alikisia sawa. Na zaidi ya hapo kuna ujuzi wa kuacha kisu: mzoga uliovimba haraka, usiokakamaa, unaotoka damu nyeusi isiyoganda puani na nyuma, haupasuliwi kamwe, kwa sababu huenda ni kimeta. Hapo huchukuliwa tone la damu ya sikio, likatiwa rangi ya buluu ya methilini, na vijidudu vyenye umbo la fimbo vikatafutwa kiooni.

Baada ya mzoga huja daftari. Tarehe, kijiji, joto, tezi, rangi ya kope, dawa, uzito, na matokeo baada ya wiki. Mtaalamu anayejaza safu hiyo ya mwisho hujifunza kila wiki. Anayeiacha wazi anaweza kurudia kosa moja kwa miaka ishirini akaliita uzoefu.

Kwa hiyo ninaziomba halmashauri za Kasulu na Kibondo: mnapopanga bajeti ya mifugo, baada ya majosho wekeni rangi ya Giemsa, vioo, vineli na hadubini inayofanya kazi. Maabara inayopokea sampuli nayo irudishe majibu hadi kijijini, kwa kuwa sampuli isiyojibiwa haimfundishi aliyeituma. Wapeni wataalamu wenu siku kadhaa kila mwaka za kukaa pamoja na kulinganisha madaftari. Nawe mfugaji, mwite mapema, tezi inapoanza kuvimba, umwambie ukweli kuhusu dawa uliyokwisha kuchoma. Ng'ombe akifa, usikimbilie kumfukia wala kumla. Mwache daktari aamue kama apasue. Atakachojifunza siku hiyo kitamponya ng'ombe wako wa pili.