Radi Iliyopimwa kwa Kuhesabu

Katika milima ya Nilgiri kusini mwa India, jirani na mashamba ya chai ya Ooty, kuna kumbi zenye dari la zege lenye unene wa mita mbili hivi. Ndani yake imelazwa mirija 3,712 ya chuma, kila mmoja una urefu wa mita 6. Katikati ya mrija umenyooshwa waya mwembamba wa tangsteni, na nafasi iliyobaki imejazwa gesi ya agoni iliyochanganywa na methani kidogo, kisha ukazibwa. Huo ndio mtambo wa GRAPES-3 wa taasisi ya Tata Institute of Fundamental Research, na kazi yake, usiku na mchana, ni kuhesabu.

Kinachohesabiwa ni muoni. Miali ya kosmiki inayotoka mbali angani ikigonga hewa ya juu, huzaa chembe hizi, na nyingi hufika hadi chini. Usawa wa bahari, karibu moja hupita kila dakika katika eneo la sentimita moja ya mraba. Viganja vyetu vinapitwa na muoni tangu tuzaliwe. Ikipenya mrija, hung'oa elektroni katika gesi, waya huzikusanya, na hapo inaandikwa moja. Zege la juu huzuia chembe dhaifu zisije zikachafua hesabu. Mirija imepangwa matabaka manne yanayokingamana, hivyo yakisomwa pamoja hujulikana pia muoni ilitokea upande gani wa anga. Kwa siku moja mtambo huandika muoni takriban bilioni 4, zikiwa zimegawanywa katika pande 169.

Wingi huo ndio siri ya ufundi wenyewe. Mrija mmoja hauelezi kitu, kwa kuwa muoni huja kwa kubahatisha. Lakini ukikusanya karibu milioni 3 kwa dakika, kubahatisha kunazimika hadi chini ya sehemu moja katika elfu, na mabadiliko madogo sana huanza kuonekana.

Yakishaonekana, kazi ngumu ndipo inapoanza, na hapa ndipo ninapowavulia kofia mafundi hawa. Hewa yenyewe haitulii. Katika nchi za joto, mgandamizo wa hewa hupanda na kushuka mara mbili kwa siku: hufika juu karibu na saa nne asubuhi na saa nne usiku, hushuka karibu na saa kumi alasiri na saa kumi alfajiri. Hewa ikiwa nzito zaidi, muoni hupungua, kwa takriban asilimia 0.13 kwa kila hektopaskali moja. Joto la tabaka za juu nalo lina sehemu yake: hewa ikivimba, muoni huzaliwa juu zaidi, safari inakuwa ndefu, na nyingi hufa njiani, maana uhai wao wa wastani ni mikrosekunde 2.2 tu. Jua likirusha wingu la chembe na sumaku kuelekea duniani, miali ya kosmiki hupungua kwa siku kadhaa, jambo alilolieleza Scott Forbush mwaka 1937. Kisha kuna mirija yenyewe, ambayo haizeeki sawasawa. Kila moja ya sababu hizi inapimwa peke yake na kuondolewa, kama mfanyabiashara anayetoa uzito wa gunia kabla ya kutaja bei ya mchele. Kinachobaki ndicho habari.

Tarehe 1 Desemba 2014 habari hiyo ilikuwa nzito. Wingu la radi lilipita juu ya Ooty, na kwa dakika 18 muoni kutoka baadhi ya pande zikapungua, hadi asilimia 2. Nguvu ya umeme ndani ya wingu huziongezea kasi muoni za chaji moja na kuzipunguzia za chaji nyingine. Kwa kuwa zenye chaji chanya ni nyingi kuliko zenye chaji hasi, mambo hayo mawili hayafutani, na hesabu inayumba. Watafiti wakarudi nyuma kwa mahesabu ya kompyuta kutafuta umeme wa kiasi gani ungeleta upungufu ule. Jibu walilochapisha mwaka 2019 lilikuwa volti bilioni 1.3. Maputo yaliyowahi kupelekwa ndani ya mawingu yalikuwa yamepima kama sehemu ya kumi tu ya hapo. C. T. R. Wilson alikuwa amekadiria kiwango cha volti bilioni moja mwaka 1929, na kwa miaka 90 hakuna aliyekipima.

Puto husoma mahali lilipo tu. Muoni imekata wingu zima kutoka juu hadi chini. Ili kulipata wingu hilo moja, kumbukumbu za dhoruba 184 zilizotokea tangu Aprili 2011 zilipekuliwa. Bila rekodi isiyokatika, lingepita bila kujulikana.

Radi zipo kwetu pia: bonde la Ziwa Viktoria na milima ya Kivu, hasa eneo la Kabare, ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi zaidi duniani. Chuma, waya, gesi na zege si vitu vya ajabu. Subira ya kuhesabu ndiyo adimu, nayo hufundishika. Idara za fizikia za vyuo vyetu vya maeneo hayo zianze na mirija michache, na zisiizime.