Mama wa Kitaluni Nambambo

Siku hizi mlonge na mwarobaini hutajwa pamoja kama kurwa na doto. Muuza dawa za asili stendi huzipanga pakiti zake za unga wa kijani sambamba, na kipaza sauti kinaimba yale yale kwa zote mbili: sukari, presha, malaria, vidonda vya tumbo, nguvu za kiume. Ukimsikiliza utadhani miti hii ni ya ukoo mmoja na malezi yake ni mamoja. Anayejua vinginevyo ni mtu aliyeiotesha. Nambambo, wilayani Nachingwea, yupo mama mmoja anayeotesha yote miwili chini ya paa la nyasi nyuma ya nyumba yake, na kumtazama akifanya kazi kunatosha kuyafuta maneno yote ya stendi.

Miti yenyewe ni wageni waliokwisha kuwa wenyeji. Yote ilitoka pande za Bara Hindi, mlonge kwenye miteremko ya chini ya Himalaya. Mwarobaini ni ndugu wa mkangazi. Mlonge una kaukoo kake kadogo ka spishi 13 tu, na nyingi kati ya hizo ni za Pembe ya Afrika na Madagaska. Yote huchukia maji yanayotuama na hupenda udongo wenye mchanga, na kwa hayo Nambambo inaifaa: nchi iko mita mia nne na kitu juu ya bahari, mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba au kabla kidogo hadi Aprili, halafu ni jua tupu. Kufanana kwao kunaishia hapo.

Kwa mwarobaini kazi huanza chini ya mti mzazi. Tunda likishageuka njano, popo na ndege hufyonza utamu wake na kudondosha kokwa. Mama haokoti kila anachokiona. Kokwa zilizolala chini siku nyingi anaziacha kwa sababu zimeanza kuingia ukungu. Anachukua zilizodondoka usiku wa jana, na nyingine anaangua mwenyewe kwa upembo. Anazitia kwenye beseni pamoja na maji na mchanga kidogo, anazifikicha kwa viganja mpaka ule ute unaonata uachie, anamwaga, anaongeza maji mengine, anafikicha tena. Zinazoelea anazitupa. Zilizozama anazitandaza kwenye mkeka, kivulini, palipo na upepo, na kuanzia hapo anahesabu siku. Wiki mbili zikipita mbegu ya mwarobaini huanza kupoteza uhai, na baada ya miezi michache nyingi zimekufa, ingawa kwa macho ni nzima kabisa. Niliuliza kwa nini asiweke akiba ya mwakani.

“Hii haiwekwi, mwanangu,” alinijibu bila kuinua uso. “Hii inapandwa.”

Hata kuilaza mbegu hiyo usiku mmoja kwenye mfuko wa nailoni hataki, maana joto na jasho vitaivundisha. Inakaa kwenye gunia, tena limelegezwa mdomo. Udongo wa viriba ameshauchanganya mapema: udongo wa juu, mchanga, na samadi iliyooza mpaka haina harufu. Mbegu anailaza ubavu, kina cha nusu kidole, anafunika, anatandaza nyasi kavu juu, anamwagilia kwa kopo lililotobolewa matundu madogo ili maji yasichimbe. Ndani ya wiki moja hadi tatu miche huchomoza. Nyasi za juu huondolewa kidogo kidogo, na paa nalo hupunguzwa kadiri miche inavyozoea jua.

Kuna jambo moja alilifanya ambalo vitabu vingi vya kilimo hulipita kwa sentensi moja. Alipita safu kwa safu akiinua kila kiriba na kukigeuza kutazama kitako chake. Mzizi wa mwarobaini una haraka kuliko shina. Mche wenye urefu wa kidole tayari umeshatoboa chini ukitafuta ardhi. Ukiuacha utajishika kwenye udongo wa kitalu, na siku ya kuuhamisha utaung'oa na kuuacha nusu ya uhai wake pale. Kwa hiyo kila mzizi uliochungulia aliukata kwa wembe, akakirudisha kiriba na kukisogeza kidogo kutoka pale kilipokuwa. Viriba mia na zaidi, kimoja kimoja, na mgongo umeinama. Hakuna mteja atakayeiona kazi hiyo. Ataiona tu kwa mche usiokufa ukishahamishwa.

Mlonge hautaki adabu zote hizo. Mbegu yake ina mabawa matatu mepesi kama karatasi, inakaa pakavu karibu mwaka bila kuharibika sana, na ukiifukia kwenye udongo wenye unyevu huchipua ndani ya wiki moja au mbili bila kulowekwa wala kuchunwa. Wengi huuotesha kwa kuchomeka tawi nene kama kifundo cha mkono, nalo hushika upesi. Mama hapendi njia hiyo. Mti wa tawi mizizi yake hubaki juu juu, upepo huuangusha na kiangazi huuonea. Wa mbegu huteremsha mzizi mnene mweupe unaohifadhi maji. Kwa sababu hiyo hiyo mbegu nyingi anazipeleka moja kwa moja shambani, mbili kila shimo, kisha anauacha mche wenye nguvu. Mchwa anawazuia kwa majivu, na mbuzi kwa uzio wa miiba, kwa kuwa mbuzi akiufikia mlonge mchanga hasazi kitu.

Ugumu wa mlonge huja baadaye, na ni ugumu wa moyo. Ukiachwa hupaa mita tatu au nne mwaka wa kwanza, mwembamba, majani yote yakiwa juu ambako hakuna mpishi wa kuyafikia. Lazima ukatwe. Ukifika kiunoni ananyofoa ncha yake; matawi yanayotokea ubavuni nayo anayanyofoa; akishapata kichaka anavuna kila baada ya wiki sita hivi, bila huruma, na mti hujibu kwa majani mengi zaidi. Mwarobaini kinyume chake huachwa. Miaka mitatu hadi mitano kabla ya tunda la kwanza, na kazi ya mwenye mti ni kuzuia moto na jembe la mtu mwingine. Nasema ni vigumu mkono uliozoea kukata kukaa kimya, na mkono uliozoea kungoja kushika panga. Yeye anaweza yote asubuhi moja.

Matumizi nayo yanaachana hivyo hivyo. Majani ya mlonge ni chakula kabla ya kuwa dawa: yana protini, vitamini A, madini ya chuma na kalisi, na huliwa kama kisamvu au mboga nyingine yoyote. Ya kuhifadhi hukaushwa kivulini, kwani jua hula vitamini, kisha hutwangwa na kuchekechwa. Mbegu zake husafisha maji. Nilionyeshwa: mbegu moja kwa lita moja ya maji ya lambo yenye rangi ya chai ya maziwa, ikamenywa, ikatwangwa, ikakorogwa na maji safi kidogo na kuchujwa, ule uziwa ukamiminwa ndooni. Mama akakoroga kwa kasi dakika moja, halafu polepole sana kwa dakika kama kumi. Protini za mbegu huushika udongo unaoelea, chembe zikashikana, zikawa mabonge, zikazama. Baada ya saa moja niliona kitako cha ndoo. Maji hayo bado huchemshwa, kwa kuwa vijidudu hupungua sana lakini haviishi. Mtafiti Samia Al Azharia Jahn aliuchunguza ujuzi huu kwa wanawake wa Sudan, na wahandisi wa Chuo Kikuu cha Leicester waliujaribu kwenye mtambo wa maji wa Thyolo, Malawi.

Mwarobaini hapa si mboga. Nguvu yake kubwa iko kwenye kiini cha mbegu, katika azadiraktini, ambayo huwafanya wadudu wasusie kula na washindwe kujivua ngozi. Heinrich Schmutterer, Mjerumani mtaalamu wa wadudu, aliona Sudan mwaka 1959 nzige wakila kila kitu isipokuwa mwarobaini. Mama hajamsikia, ila anajua kipimo: kiini kilichotwangwa, gramu 50 kwa lita moja ya maji, kilale usiku kucha, kichujwe, kitiwe sabuni kidogo, kipigwe jioni kwa sababu jua huiua dawa. Tangu viwavijeshi vamizi waingie nchini mwaka 2017 ananyunyizia mahindi yake wakiwa bado wadogo. Wakishajificha ndani ya kikonyo, anasema, umechelewa. Dumuzi wa ghalani dawa hiyo haimwezi vya kutosha, na hilo pia husema waziwazi kwa wateja. Viini vyenye ukungu havitwangi: mtu wa nchi ya karanga anaijua sumukuvu.

Hapa kipaza sauti cha stendi ningependa kizimwe kidogo. Mafuta ya mbegu za mwarobaini yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wachanga walionyweshwa. Gamba la mzizi wa mlonge lina sumu, na mjamzito hapaswi kuligusa. Homa ya malaria inapimwa na kutibiwa kwa dawa mseto. Mama wa Nambambo hauzi unga wa tiba. Anauza miche na mbegu, na kila mche unaondoka na maneno yake.

Nachingwea imeshaonja kilimo cha pupa. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wa karanga Kongwa, Urambo na hapa, wakaleta matrekta na kujenga reli kutoka pwani kabla udongo haujajaribiwa vya kutosha. Mwaka 1951 mradi ukafa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikaachwa. Kumbe wakati wote huo palihitajika mtu wa kuinua kiriba na kutazama kitako.

Siku niliyokuwepo alikuja kijana na baiskeli akitaka miche kumi ya mwarobaini. Shikamoo, marahaba, kisha swali: unaipanda wapi? Kati ya mikorosho, alijibu, ipate kufukuza wadudu. Mama akatikisa kichwa. Mti huo ukikomaa utaipora mikorosho maji na jua, na ndege watasambaza kokwa zake mpaka ashindwe kupalilia. Alimuuzia miwili, mmoja wa pembeni mwa shamba na mmoja wa kivuli uani, akamfungia mbegu za mlonge kwenye gazeti azipande karibu na jiko. Kijana alilalamika kwamba amesafiri mbali kwa miche miwili. “Rudi masika ijayo ukiiona imeshika,” mama akamwambia, na akaendelea na wembe wake.