Herufi Zinazokimbia

Andika neno "wakakamata" kwenye kompyuta kwa fonti ya Times New Roman, kisha ulilaze. Anayetazama juujuu ataona limeinama tu, kama mnazi wa ufukweni. Anayekodoa macho ataona kwamba ile a iliyokuwa na paa juu na tumbo chini imevua paa lake. Limebaki tumbo na kikia, sawasawa na a ambayo mwalimu wa darasa la kwanza huwaandikia watoto ubaoni. Neno hilo lina a tano, na Kiswahili kilivyojaa a, ukurasa mzima hubadilika sura.

Hapo ndipo ulipo ufundi wa hati mlazo. Haikupatikana kwa kuisukuma herufi ya wima mpaka ikainama. Chimbuko lake ni mkono wa mtu mwenye haraka. Mwanzoni mwa karne ya 15, msomi Niccolò Niccoli wa Florence alinakili vitabu vya kale kwa mwandiko mwembamba, ulioinama, kalamu ikiteleza kutoka herufi hadi herufi bila kuinuliwa kila mara. Makarani nao wakaupenda mwandiko wa aina hiyo. Mataifa mengi huuita kwa jina la Italia. Waitaliano wenyewe husema corsivo, yaani wa kukimbia.

Mwaka 1501, huko Venice, mpiga chapa Aldus Manutius alitoa mashairi ya Virgil yakiwa yamechapwa yote kwa herufi za namna hiyo, katika kitabu kidogo cha kushikwa kwa mkono mmoja. Husemwa sana kwamba alitaka kubana karatasi. Huenda, lakini sababu hiyo haitoshi. Wasomaji wake walikuwa watu waliouzoea mwandiko huo katika barua na madaftari yao. Kitabu cha mashine kiliwajia na sura ya kitu walichokinakili wenyewe. Herufi kubwa ziliachwa wima, ndogo peke yake ndizo zilizolala, hivyo kila mstari wa shairi huanza umekakamaa, kisha hulegea na kwenda mbio.

Aliyezichonga ni Francesco Griffo wa Bologna, na kazi yake si ya mtu mwenye papara. Fundi huchonga herufi moja, kinyumenyume, kwenye ncha ya kipande cha chuma cha pua, kwa tupa na patasi ndogo. Chuma hicho hukomazwa kwa moto, kisha hugongwa juu ya shaba mpaka kiache umbo la herufi. Risasi iliyoyeyushwa humiminwa humo. Sasa itazame f. Kila herufi ya risasi hukaa juu ya kijiti cha pembe nne kilichosimama wima, lakini f iliyolala haienei humo. Kichwa chake hutokeza nje upande mmoja, mkia upande wa pili, na kikigongwa vibaya hukatika. Ndiyo maana baadhi ya herufi ziliunganishwa mbilimbili juu ya kijiti kimoja. Madaha yote yale kwenye karatasi yalikuwa maumivu ya kichwa karakanani.

Sifa zilimwendea Aldus. Serikali ya Venice ilimpa haki ya kuzitumia herufi hizo peke yake, ila wapiga chapa wa Lyon, Ufaransa, waliziiga bila haya, hata mwaka 1503 akatoa tangazo la kuorodhesha makosa yaliyomo katika nakala zao. Griffo alikuwa ameshaondoka. Mwaka huohuo, katika mji wa Fano, mchapaji Gershom Soncino alitoa kitabu cha mshairi Petrarch kwa herufi mpya za Griffo, na akaandika wazi kwamba fundi huyo ndiye mwenye ubunifu ambao wengine walijivika.

Baadaye mchonga herufi Mfaransa, Robert Granjon, aliitia hati mlazo mbwembwe zaidi. Karne nne zikapita, na mwaka 1978 Matthew Carter, ambaye ujanani alijifunza kuchonga chuma kwa mkono kule Haarlem, Uholanzi, akatoa fonti ya Galliard kwa kufuata kazi za Granjon. Jina la fonti hiyo ni la ngoma ya kurukaruka ya zama za Granjon, na ukiitazama ikiwa imelala huhitaji kuelezwa kwa nini.

Leo hati hiyo haibebi tena vitabu vizima, na ni afadhali, maana kurasa kumi mfululizo huchosha macho. Imebaki kuwa viungo: majina ya vitabu na meli, mkazo wa neno moja, majina ya kisayansi kama Panthera leo kwa simba. Na kadi za harusi, bila shaka, ambako mikia ya herufi hurefushwa hadi mchangiaji hajui anamchangia Hamisi au Khamisi.

Kazi moja inazua ubishi. Vitabu vya Kiingereza hulaza maneno ya kigeni, na ya Kiswahili yamo. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, ameshasema hadharani kwamba hapendi mtindo huo wa kulifanya neno lionekane mgeni. Mhariri wa Kiswahili naye hakikosi kibarua hicho. Chapati ilitoka Bara Hindi, ikasimama wima siku nyingi na hakuna anayeiuliza kwao wapi. Pizza je, ilale au isimame?