Kamera ya Kitui na Ngoma ya Kakamega

Katika filamu ya "Thank You for the Rain", iliyotolewa mwaka 2017, mkulima wa Mutomo, Kitui, Kisilu Musya, anashika kamera aliyopewa na mtengenezaji filamu wa Norway, Julia Dahr, na kwa miaka mitano anapiga picha za jamaa yake na kijiji chake. Ukame unaunguza shamba. Mvua iliyoombwa inapokuja, tufani inaibomoa nyumba. Hapo ndipo jina la filamu linapopata kejeli yake, na kejeli hiyo haikutungwa na mtu mezani. Mkulima anawahimiza wenzake wapande miti, kisha anasafiri hadi Paris kwenye mkutano wa mwaka 2015.

Sehemu za nyumbani ndizo zenye uzito. Tunaliona shamba kama alionavyo mwenye shamba. Huko Paris filamu inalegea: aliyekuwa msimulizi anageuka shahidi wa kuonyeshwa wageni, na ingawa watengenezaji wanalitambua jambo hilo, hawakupata fani ya kulikwepa.

Lakini mtazamaji wa Shinyalu ataiona vipi? Kakamega hupata mvua inayokaribia milimita 2000 kwa mwaka, na msitu wake ni bakaa la misitu ya mvua iliyoungana zamani na ile ya Kongo. Ardhi iliyopasuka si picha ya kwao. Anaweza kumhurumia Kisilu kwa dhati, kisha akaondoka akiamini kuwa hayo ni mambo ya Ukambani. Filamu nyingi za aina hii zimeufanya ukame kuwa sura pekee ya tatizo, na penye kijani kamera hukosa la kusema.

Sanaa ya Kakamega inayo la kusema. Isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho, iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kuhifadhiwa kwa haraka, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni uhaba wa vifaa. Ngoma zake tatu huchongwa kwa magogo na kuwambwa ngozi ya kenge. Ni kweli kwamba miti imemalizwa na shoka kuliko joto la dunia, wala mhakiki asiyachanganye mambo hayo mawili. Hata hivyo msitu unaokatwa huachia hewani kaboni iliyokuwa imehifadhiwa ndani yake.

Tatizo kubwa zaidi ni la lugha. Neno "tabianchi" limeenea katika nyaraka na habari, lakini asiyelizoea husikia "tabia", yaani mwenendo, na "nchi", yaani dola, akadhani anasomewa siasa. Nyimbo za mazingira zitungwazo kwa ajili ya mashindano huliingiza neno hilo lilivyo, zikafuatisha orodha ya maagizo; wimbo ukawa waraka wenye mapigo. (Majaji nao huzituza.)

Mtengenezaji filamu wa Kakamega angeweza kumfuata fundi wa ngoma anayetafuta gogo, tangu kwa jirani mwenye mti mmoja uliobaki uani hadi ukingoni mwa msitu asioruhusiwa kuukata, akasikiliza anavyoyataja majira kwa Luisukha chake, na neno "tabianchi" lisitamkwe hata mara moja.