Ukuta wa Udongo Hausimami kwa Mayai

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, yapata saa tisa na nusu alasiri, mkoa wa Kagera ulitikiswa na tetemeko la ukubwa wa 5.9. Watu wasiopungua 17 walipoteza maisha, na maelfu ya nyumba zilibomoka au kupasuka, hasa upande wa Bukoba na Missenyi. Zilizoumia zaidi ni nyumba za kuta nzito zisizofungwa: tofali zilizounganishwa kwa tope, bila mkanda wa lenta juu. Ukuta wa namna hiyo huanza kuachia kwenye kona, kisha kila upande huanguka kivyake.

Katika wilaya za Biharamulo na Ngara, mkoani humohumo, watu wengi bado wanalala ndani ya kuta za udongo, za tofali au za miti iliyokandikwa. Kwa hiyo swali la namna ukuta wa udongo unavyoweza kusimama miaka 300 si la watalii peke yao. Mfano unaotajwa zaidi duniani uko mkoa wa Fujian, kusini-mashariki mwa China, kwenye majumba yanayoitwa tulou. Kuna ya duara na ya mraba, ghorofa tatu hadi tano, lango moja, na ndani yake ukoo mzima: jikoni chini, ghala juu yake, vyumba vya kulala juu zaidi. Mwaka 2008 UNESCO iliyaingiza 46 kati yake kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Ngano za majumba hayo ni nyingi kuliko malango yake. Moja husimulia kuwa wanawake wawili walikutana kwenye karamu ya harusi, kila mmoja akajisifia ukubwa wa nyumba ya kwao, mpaka ikabainika kuwa wote wanatoka jumba moja, Chengqilou, lililokamilika mwaka 1709 likiwa na duara nne, moja ndani ya nyingine. Nyingine inadai kwamba wakati wa Vita Baridi Wamarekani waliziona duara hizo kwenye picha za setilaiti wakadhani ni mashimo ya makombora. Inayopendwa kupita zote ni ya chakula: kwamba kuta zilikandwa kwa ute wa mayai, uji wa mchele wa kunata na sukari guru, ndiyo maana haziingiwi hata na msumari.

Hiyo ya mwisho ina ukweli kidogo. Uji wa mchele na sukari vilitumika kweli katika mchanganyiko wa chokaa, mchanga na udongo, hasa sehemu zilizohitaji kuhimili maji. Lakini hakuna ukoo uliokuwa na kuku wa kutosha kukanda ukuta wa ghorofa nne. Sehemu kubwa ya ukuta ni udongo wa kawaida, wenye unyevu kidogo tu, uliomwagwa kati ya mbao mbili na kushindiliwa kwa michi tabaka kwa tabaka. Katikati ya tabaka walilaza vipande vya mianzi au vya mti, vikiufunga ukuta kwa urefu. Chini kabisa ni msingi wa mawe ya mtoni unaopanda juu ya usawa wa ardhi. Ukuta huanza na unene unaokaribia mita mbili na hupungua kadiri unavyopanda, na mara nyingi walijenga ghorofa moja kwa mwaka, wakaiacha ikauke na kutulia kabla ya kuipandishia nyingine. Juu ya yote, paa la vigae linatokeza nje sana ili mvua isiuguse ukuta.

Hapo ndipo hadithi ya tulou jingine, Huanjilou, inapoeleweka. Jumba hilo lilijengwa mwaka 1693, na inasimuliwa kwamba tetemeko la mwaka 1918 lilifungua ufa mpana ukutani, kisha baada ya muda ufa ukajifunga wenyewe. Msimulizi anaona muujiza. Fundi anaona ukuta wa duara usio na kona ya kuachia, ulioinamia ndani kidogo, wenye uzito wa sakafu na paa unaoubana kuelekea katikati. Yuchanglou la mwaka 1308 linaonyesha upande mwingine wa siri: nguzo zake za mbao za ghorofa za juu zimeinama upande, inasemekana kwa sababu mafundi walikosea vipimo, ila jengo lipo hadi leo kwa kuwa fremu imefungamana.

Afrika Mashariki nayo ilikuwa na jumba lake la udongo la pamoja, nalo ni tembe. Wagogo, Wanyaturu, Wahehe, Wasandawe na majirani zao walilijenga kuzunguka uwanja wa mraba, kila mke na chumba chake, ng'ombe wakilala katikati. Ila fundi wa tembe alikwenda kinyume cha yule wa Fujian. Alianza na nguzo zenye panda, za mti mgumu ambao mchwa hawaupendi. Juu ya panda alilaza boriti, juu ya boriti fito zilizosongamana, kisha nyasi, kisha udongo. Ukuta ulikandikwa baadaye, nao haukubeba karibu chochote. Kipande cha ukuta kikimomonyoka, paa halina habari.

Nguzo hizo zilikuwa na kazi. Tukichukua udongo wa unene wa sentimita 15 tu, kila mita ya mraba ya paa inabeba kilo zaidi ya 200. Chumba cha mita nne kwa kumi kinakaribia tani tisa hata kabla mvua haijanyesha. Ndiyo sababu tembe ni fupi, na ndiyo sababu hakuna aliyethubutu kulipandishia ghorofa.

Simulizi za huku nazo husifu maficho na ukuta. Wairaqw wa Mbulu walichimba nyumba ubavuni mwa kilima hadi paa likalingana na ardhi, na wazee husimulia jinsi wavamizi wa Kimasai walivyopita juu yake bila kujua. Simulizi haisemi maji ya mvua yalikwenda wapi, na hilo ndilo fundi angeuliza kwanza. Huko Unyanyembe, ngome ya mtemi Isike iliwarudisha nyuma Wajerumani mwaka 1892. Ilipoanguka Januari 1893 mbele ya afisa wao Tom von Prince, mtemi alilipua ghala la baruti akiwa ndani.

Kwa nini basi tembe halikufika Biharamulo na Ngara? Jibu kubwa ni mvua. Dodoma, kwenye nchi ya tembe, hupata chini ya milimita 600 kwa mwaka, nazo kwa msimu mmoja. Huku kwetu ni takriban 1,000, vuli na masika. Paa bapa la udongo lingelewa maji kila mwaka mpaka fito zioze. Wenyeji wa ukanda huu wa maziwa, Wahaya, Wasubi na Wahangaza, walichagua msonge: fito zilizopindwa na kufungwa kwa pete, nyasi kuanzia kileleni hadi karibu na ardhi, moshi wa jikoni ukikausha nyasi na kufukuza wadudu. Ni kikapu kilichofunikwa, chepesi. Tetemeko lingekitikisa na kukiacha.

Bati lilipokuja, msonge ukaondoka, na wepesi wake ukaondoka nao. Nyumba ikapata ukuta mzito chini ya paa jepesi mno, paa ambalo haliubani ukuta kwa uzito kama tulou wala halisimami kwa nguzo zake kama tembe. Zaidi ya hapo bati hukatwa fupi ili kubana matumizi, matone yanarudi kwenye tofali za chini, na kila baada ya masika mwenye nyumba anachota udongo wa kichuguu kusiriba palepale alipokwishasiriba mwaka jana. Msingi wa mawe uliopanda goti moja juu ya ardhi, mkanda wa lenta wa zege au hata wa mbao uliofungwa kwenye kona zote nne, na bati lililotokeza sentimita 60 nje ya ukuta: vitatu hivyo vinapatikana Biharamulo leo, na gharama yake huonekana siku ya kujenga, wakati udongo wa kusiriba hauingii kwenye hesabu ya mtu yeyote.