Tanga 1914: Nane kwa Moja

Ukitaka kuugeuza mpambano wa Tanga wa Novemba 1914 kuwa mchezo wa mezani, hesabu ya kwanza itakudanganya. Waingereza walikuja kutoka Bombay na watu wapatao 8,000 chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliwasubiri na takriban 1,000, wengi wao askari Waafrika. Niliingiza nane kwa moja kwenye jedwali la mapigano, nikaketi na mdogo wangu, tukarusha dadu. Mara nne mfululizo Tanga ilitekwa kabla chai haijapoa, ilhali mwaka 1914 Waingereza walishindwa.

Nilikuwa nimehesabu vichwa. Historia rasmi ya Waingereza, iliyoandikwa na Charles Hordern na kutolewa 1941, inaonyesha jeshi la viraka. Walikuwemo Loyal North Lancashire, wanajeshi wa kudumu, na walikuwemo watu waliopewa bunduki mpya safari ikiwa mlangoni. Karibu wote walichoshwa na wiki kadhaa za bahari. Kwa hiyo kila kete ikapata namba mbili: nguvu na moyo.

Hapo kuna mtego. Tunajua kwamba 63rd Palamcottah, kikosi cha Wahindi upande wa Waingereza, walivunjika na kukimbia. Nikiwapa moyo wa chini kwa sababu hiyo, nimeshaandika matokeo juu ya kete, na mchezaji anabaki kuigiza tu. Basi nikajiwekea sharti: alama zitoke kwenye mambo yaliyojulikana kufikia tarehe 1 Novemba, yaani mafunzo, silaha na siku za melini. Hata hivyo Palamcottah hawakupata alama nzuri, lakini sasa dadu inaweza kuwaokoa. Wajerumani nao wana kasoro yao: kombania zao nyingi zilibeba bunduki za 1871 za baruti nyeusi, na moshi wake ulionyesha mpigaji alipojificha.

Data iliyobadilisha mchezo wote niliikuta kwenye reli. Asubuhi ya tarehe 2, manowari ya Waingereza HMS Fox ilipoingia kudai mji usalimu amri, Tanga ilikuwa na kama kombania moja tu. Waliobaki walikuwa upande wa Moshi, zaidi ya kilomita 300 kwa reli ya Usambara. Lettow-Vorbeck anaeleza kwenye kumbukumbu zake kwamba treni moja ilichukua kombania moja na mizigo yake, au mbili zisizo na mizigo wala wapagazi. Kwa mtengeneza mchezo, sentensi hiyo ni dhahabu. Mchezaji wa Kijerumani anaamua kila zamu: watu wengi wasio na akiba, au wachache waliokamilika? Mwingereza naye anapoteza muda wa thamani, kwa kuwa kushusha watu Ras Kasone, nje ya mji, kulianza usiku tu, na shambulio kubwa likaja tarehe 4. Uwiano haukuwa nane kwa moja wakati wote. Ulipungua kila treni ilipopiga honi. (Lettow-Vorbeck mwenyewe aliingia mjini kwa baiskeli usiku kuchunguza. Kete yake inaruhusiwa kwenda peke yake.)

Hasara ndizo zilizonisumbua zaidi. Waingereza walikiri hasara ya watu wao zaidi ya 800, ukijumlisha waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea. Lettow-Vorbeck aliamini kwamba hata 2,000 ilikuwa makadirio madogo. Nikachukua hesabu ya Waingereza, maana kila jeshi linawajua wafu wake kuliko adui anavyowajua.

Nikamalizia na nyuki. Kila anayesimulia Tanga anawataja, na wengi wanasimulia kama walikuwa upande wa Wajerumani. Toleo langu la kwanza lilikuwa na kadi ya nyuki inayomwadhibu Mwingereza peke yake. Lakini Lettow-Vorbeck anasema waliwatimua pia wapiga rashasha wake, hata jambo hilo likawa sawa kwa pande zote. Kadi nikaichana. Sasa kwenye pembesita za ramani zenye mashamba na vichaka, milio ikizidi kiasi, kila upande unarusha dadu, na ukipata moja, kikosi chako kinaacha silaha na kukimbia zamu nzima. Mdogo wangu, aliyekuwa akicheza na rashasha mbili za Wajerumani, alizipoteza zote siku ya kwanza ya majaribio.